Shangazi wa Waya: Usinitajie boksi, nisomee chipu

Mashangazi wa magazeti mengine huulizwa habari za wachumba na mawifi. Mimi naulizwa kwa nini taa ya kijani haiwaki, na nimeridhika na fungu langu. Tangu toleo lililopita niliposema kwamba chini ya meza yangu hapa Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, kuna kapu zima la kadi za mtandao za mtumba, zile za kuchomeka ndani ya kompyuta ili ipate mtandao, barua zimemiminika kuliko mkate wa kumimina, na karibu zote zina kilio kimoja: nimenunua kadi kwa bei ya chapati mbili tatu, haifanyi kazi. Basi leo ni kadi tupu. Wenye printa na wenye simu zilizotumbukia ndooni mnisubiri mwezi ujao.

*Shikamoo Shangazi. Nimenunua kadi ya neti mnadani kwa shilingi 3,000. Haina boksi wala CD. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya zamani ya baba yenye Windows 7, ikaniletea alama ya mshangao ya njano. Muuzaji anasema ni ya kampuni kubwa ya Marekani, ila mimi sioni jina lolote. Draiva yake naipata wapi?* – Kijana wa Makorora

Marahaba mwanangu. Jina la kampuni mwachie muuzaji, litamsaidia kuuza nyingine. Mimi nataka unisomee chipu.

Ichomoe kadi, usogee nayo dirishani. Katikati utaona kidude cheusi cha mraba, miguu imekitoka pande zote. Mgongoni mwake kuna maandishi, na kwa kadi iliyokaa vumbini miaka kumi na tano hayasomeki kirahisi. Chukua chaki nyeupe ya shule, ipake juu ya chipu, kisha futa taratibu kwa kidole. Unga utabaki kwenye mikwaruzo ya herufi, nazo zitajitokeza kama jina la jahazi lililotoka kupakwa rangi. Ukiona mchoro wa kaa, huyu huyu kaa wa mikokoni, ujue hiyo ni Realtek ya Taiwan. Na kwa kadi ya elfu tatu, kaa utamwona tu. Jirani yake kutakuwa na namba RTL8139, na herufi moja mwishoni.

Chipu hiyo ilitiwa kwenye kadi za majina chungu nzima. Boksi jekundu, boksi la bluu, boksi lisilo na jina, ndani kaa yule yule. Ndiyo maana nasema ukitafuta draiva, ile programu inayoifundisha kompyuta kuitumia kadi, kwa jina la boksi utazunguka mpaka Pongwe na kurudi, ukiitafuta kwa namba ya chipu unaipata leo leo.

Kama hutaki kuchomoa kitu, Windows yenyewe itakusomea. Fungua Device Manager, bonyeza mara mbili kwenye ile alama ya njano, nenda kwenye Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI, kisha VEN na DEV. VEN ndiyo ukoo wa aliyetengeneza chipu, DEV ndiyo jina la mtoto. VEN_10EC ni Realtek, na DEV_8139 ndiye huyo tunayemzungumza. 1106 ni VIA. 10B7 ni 3Com, na ukiipata hiyo kwa elfu tatu, muuzaji hakujua alichokuwa anauza. 8086 ni Intel. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi na uziweke, maana hata ukija kwangu ndizo nitakazokuuliza kabla sijakukaribisha kiti.

Sasa linakuja lile tatizo la yai na kuku: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti huna kwa sababu huna draiva. Draiva ya kadi hii ni ndogo sana, unaipakua kwa simu au kwenye kompyuta ya jirani na kuileta kwa flashi. Ichukue kwa wenye chipu, yaani Realtek. Tafadhali usiguse zile programu zinazojisifu kwamba zitakutafutia draiva zote bure. Nimeletewa mashine hapa iliyokuja kwa ajili ya draiva moja ikiwa na wageni kumi na moja waliojikaribisha.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio moja linalookoa muda. Weka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, iwashie kompyuta bila kuisimika, tazama kama mtandao unakuja. Draiva ya RTL8139 imo ndani ya Linux miaka mingi, inaitwa 8139too. Kadi ikikubali pale, chuma ni kizima na ugomvi wako ni na Windows peke yake. Ikikataa na pale, acha kuhangaika na draiva, shika bisibisi.

Na usijione mnyonge kwa kuwa na kadi duni. Bill Paul, aliyeandika draiva ya chipu hii kwa mfumo wa FreeBSD, aliandika mle mle ndani ya draiva kwamba kadi hii imelipa neno "hali ya chini" maana mpya, na kwamba huenda ndiyo chipu mbaya kuliko zote za aina yake. Hakuwa anatukana bure. Chipu nzuri huzitupa data moja kwa moja pale programu inapozitaka kwenye kumbukumbu. Hii inazirundika zote sehemu moja, na kompyuta yenyewe inalazimika kuzichota na kuzihamisha kimoja kimoja, kama mpagazi anayeshusha mzigo njiani halafu anamwita mwenye duka aje aubebe. Kwenye mashine dhaifu, ukinakili mafaili makubwa utaiona kompyuta imekuwa nzito. Kwa kusoma habari na kutazama video, hutajua.

*Shangazi, mimi nina kijiduka cha kuchapa barua nyumbani, Chumbageni. Nina kompyuta mbili. Nilinunua kadi mbili pacha, za aina moja, siku moja. Ya kwanza ikipata intaneti ya pili inakatika, ya pili ikirudi ya kwanza inakatika. Nimebadilisha nyaya, nimebadilisha ruta. Mume wangu ameanza kusema tumetupiwa kitu.* – Mama wa Chumbageni

Mwambie baba watoto aweke ubani wake akiba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, maana ugonjwa huu ni adimu na unapendeza.

Kila kadi ya mtandao huzaliwa na anwani yake, tarakimu na herufi 12 zilizopangwa mbili mbili. Nusu ya kwanza inatambulisha kampuni, nusu ya pili inatofautisha kadi na kadi. Kwa kanuni hazitakiwi kufanana popote duniani. Lakini watengenezaji wa kadi za bei ya kutupa wapo waliofanya uvivu wa kuziandika zote namba moja, au kuacha kichipu cha kumbukumbu kitupu. Kichipu chenyewe unaweza kukiona: kina miguu 8 tu, kimekaa karibu na chipu kubwa, mara nyingi kimeandikwa 93C46. Humo ndimo anwani inamokaa.

Kwenye kila kompyuta fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika ipconfig /all, utafute mstari wa Physical Address. Nimeweka meza yangu dhamana, zinafanana. Ruta imepewa watoto wawili wenye jina moja na cheti kimoja cha kuzaliwa, kwa hiyo inawapa wote wawili chumba kimoja, nao wanatoana kitandani usiku kucha.

Dawa haina gharama. Kwenye kompyuta moja tu, ndani ya Device Manager, bonyeza kadi, nenda Advanced, tafuta Network Address, andika tarakimu 12 za kwako bila alama katikati. Herufi ya pili iwe 2, kwa mfano 02 halafu endelea upendavyo. Hiyo 2 inaijulisha dunia kwamba anwani imetungwa nyumbani, haitagongana na ya kiwandani. Zima, washa. Niliwahi kuwa na kadi kama hizo tatu, nikazibatiza kwa tarehe za kuzaliwa za wajukuu, zikafanya kazi mpaka mazabodi zilipokufa zikaziacha.

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, Raskazone. Ofisi moja ilikuwa inafunga, nikanunua kompyuta 4 kwa ajili ya wajukuu na wanafunzi wa tuisheni. Kadi zake zina mdomo wa duara kama wa antena. Nilikuwa na waya wa antena ya televisheni uliobaki, nikaziunganisha zote. Hazionani hata kidogo.*

Shikamoo Mwalimu, mimi ndiye wa kukuamkia. Barua yako imenirudisha mbali. Nilipoanza kazi kwa marehemu mjomba, mtandao wa kwanza niliofunga kwa mkono wangu ulikuwa huo huo wa midomo ya duara.

Waya wa televisheni umefanana sura tu. Ule una ukinzani wa ohm 75, na kadi zako zinataka ohm 50, waya unaoitwa RG-58. Ukichanganya, umeme wa data ukifika kwenye kiungio unagonga na kurudi nyuma, kama wimbi linavyogonga ukuta wa bandari na kuja kukutana na wenzake. Kadi inasikia kelele zake mwenyewe, inadhani kuna mwingine anazungumza, inanyamaza. Zote nne zikinyamaza kwa adabu, mazungumzo hakuna.

Kwa sababu hiyo hiyo, kila mwisho wa waya lazima uwe na kizibo cha ohm 50. Mtandao huu umepangwa kama shanga kwenye uzi: waya mmoja unapita kwa kila kompyuta, pale unapopita kuna kiungio cha T kilichokaa moja kwa moja nyuma ya kadi, na ncha mbili za uzi zimefungwa vizibo ili mawimbi yafie pale. Uzi ukikatika mahali pamoja, shanga zote zinamwagika. Urefu wote usizidi mita 185, jambo ambalo kwa nyumba yako halikuhusu labda ungetaka kuufikisha uzi kwa majirani wote.

Kuna kipimo nilichofundishwa na mjomba ambacho bado nakipenda kuliko programu yoyote. Zima kompyuta zote. Chomoa T moja kutoka kwenye kadi, ukiacha nyaya zake mbili zimefungwa. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye ohm, ncha moja iguse sindano ya katikati, nyingine iguse ganda la nje. Ukisoma karibu 25, uzi ni mzima na vizibo vyote viwili vipo, maana hamsini mbili zikikaa sambamba ndiyo ishirini na tano. Ukisoma 50, upande mmoja umekatika au kizibo chake kimeng'oka. Ukisoma sifuri au karibu na sifuri, kuna nyuzi za ganda zimegusa sindano kwenye kiungio fulani, na huyo ndiye unamtafuta kiungio kwa kiungio.

Sasa nikushauri kama binti yako. RG-58 na vizibo vyake kwa sasa ni kuviwinda. Zigeuze hizo kadi utazame vizuri: nyingi za zama hizo zina midomo miwili, wa duara na wa mraba, ule unaotumia plagi ya kawaida ya RJ45. Ukiwa nao, tupa habari ya duara, nunua swichi ndogo ya milango mitano, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za neti, na waya wa kawaida. Zikiwa na RTL8029 mgongoni, kaa ni yule yule ila mzee zaidi, na Linux inamfahamu kwa draiva iitwayo ne2k-pci. Jina hilo linatokana na NE2000, kadi ya Novell iliyoigwa na watu wengi kuliko mshono wa dera.

Mwendo wake ni megabiti 10 kwa sekunde, hapo usidanganywe na mtu. Faili la megabaiti 700 litachukua dakika tisa na zaidi hata mambo yote yakienda sawa. Ila kama intaneti unayolipia nyumbani yenyewe haifiki 10, kadi sio inayokuchelewesha.

*Shangazi, tumepanga chumba Kange, mimi na mwenzangu, kila mmoja na kompyuta yake ya mezani. Tumechomeka waya wa neti kutoka kwake kuja kwangu ili tucheze gemu. Waya ule ule kwenye ruta ya jirani unafanya kazi, kwetu hakuna taa.* – Wanafunzi wawili

Mdomo unaongea na sikio, wanangu. Ninyi mmeunganisha mdomo na mdomo. Kadi za zamani za megabiti 10 na 100 zinasema kupitia sindano ya 1 na ya 2, zinasikiliza kwa ya 3 na ya 6. Ruta na swichi za sasa zina akili ya kugeuza zenyewe, na kadi za gigabiti nazo vilevile. Zenu mbili hazina.

Nunueni plagi moja, mkate ncha moja tu ya waya, mkaifunge upya. Ncha moja iwe na mpangilio huu, kutoka kushoto, kile kijiulimi cha plagi kikiwa chini: chungwa yenye nyeupe, chungwa, kijani yenye nyeupe, bluu, bluu yenye nyeupe, kijani, kahawia yenye nyeupe, kahawia. Ncha ya pili, badilisheni chungwa na kijani tu: kijani yenye nyeupe, kijani, chungwa yenye nyeupe, bluu, bluu yenye nyeupe, chungwa, na kahawia kama ilivyokuwa. Nyuzi zifike mpaka mwisho wa plagi muone shaba ikimeta kwa mbele, ndipo mbane koleo. Wengi wanabana mapema.

Kisha mpeane anwani wenyewe, maana hakuna ruta wa kuwagawia: mmoja 192.168.1.1, mwingine 192.168.1.2, na 255.255.255.0 kwa wote. Mkiona anwani inayoanza na 169.254, hiyo ni kompyuta imekata tamaa ya kupewa ikajitungia.

*Nina kadi ya Wi-Fi ya zamani, imeandikwa 11 Mbps. Jina la ruta yangu nyumbani inaliona, lakini nikiweka neno la siri inakataa, na neno ni sahihi kabisa. Ruta ya kazini haiioni hata jina.* – Dereva, Mikanjuni

Kaka, hapa nitakuwa mfupi kwa sababu habari si nzuri. 11 Mbps ni kadi ya 802.11b, kizazi cha mwaka 1999. Ulinzi wa WPA2 ulikuja mwaka 2004, na kadi nyingi za kizazi chako hazina chuma cha kuuhimili. Ndiyo maana neno la siri ni sahihi na mlango haufunguki: kufuli imebadilika. Ruta ya kazini pengine inarusha kwa masafa ya gigahezi 5, na kadi yako haina sikio la huko, ama iko kwenye chaneli ya 12 au 13, ambazo kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazizisikilizi.

Utamkuta mtu akuambie ishushe ruta iwe WEP, ule ulinzi wa zamani. Usimsikilize. WEP inavunjwa kwa dakika chache na kijana yeyote mwenye laptopu na muda wa kupoteza, na vifurushi vyako atavila yeye.

Nunua kidude cha Wi-Fi cha USB, lakini hapo napo chunga. Kuna TP-Link moja maarufu, TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271, Linux inaipenda. Toleo la pili limevaa umbo lile lile na jina lile lile, ndani kuna Realtek RTL8188EUS, mambo tofauti kabisa. Toleo limeandikwa kwa herufi ndogo mno kwenye kibandiko. Mwambie muuzaji akupe kidude mkononi, uvae miwani.

*Kadi inaonekana, taa inawaka, kurasa zinafunguka, lakini nikinakili faili kubwa inatambaa kama konokono. Swichi nilinunua ya mtumba, kubwa, ya ofisini.* – Msomaji wa Duga

Hili lilinitesa mimi mwenyewe wiki nzima, nikabadilisha kadi tatu. Swichi kubwa za ofisi zinaweza kuwa zimelazimishwa na mwenyewe wa kwanza: mwendo wa mia, njia mbili, bila kujadiliana. Kadi yako inajaribu kujadiliana, haijibiwi, basi kwa kanuni inajiweka kwenye njia moja, yaani ama useme ama usikie. Swichi inasema huku inasikia, kadi inaona ni fujo, zinagongana. Vijibarua vidogo vinapita, mzigo mkubwa unamwagika njiani. Irudishe swichi kwenye mipangilio ya kiwandani ijadiliane yenyewe. Usipoweza, nenda Advanced ya kadi uilazimishe nayo 100 na Full Duplex, yaani njia mbili. Vyote viwili vijadiliane, au vyote viwili vilazimishwe. Nusu nusu ndiyo maradhi.

*Kadi ilikuwa inafanya kazi, tumehamia nyumba ya karibu na bahari, sasa siku nyingine inaonekana siku nyingine haionekani kabisa.* – Mama Pacha, Raskazone

Chumvi hiyo, mama. Upepo wa kusi unaileta mpaka ndani ya CPU. Zima, na uchomoe waya wa umeme ukutani, usitosheke na kuzima kitufe: mazabodi nyingi zina umeme kidogo wakati zimelala, na kuna kijitaa kinachokuonyesha. Kisubiri kizimike. Chomoa kadi, shika raba nyeupe laini ya mtoto wa shule, usugue meno ya dhahabu pande zote mbili kuelekea nje, kidogo tu. Ile raba ngumu ya kufutia wino usiitumie, itang'oa dhahabu yenyewe. Futa vumbi lake mbali na mashine, lisiingie kwenye sloti. Rudisha, ikiwezekana kwenye sloti nyingine, na usisahau skrubu. Bila skrubu, kila anayevuta waya anaipindisha kadi, na unarudi kwangu tena.

Kwa kuwa umesema bahari na masika haiko mbali: mawingu yakianza kunguruma, chomoa na waya wa neti pia. Watu wanachomoa umeme wanaacha neti, na radi haibagui njia. Kwenye kapu langu kadi zilizokufa kwa radi nazijua kwa harufu.

*Shangazi heshima yako, lakini kwa nini unawapotezea watu muda? Kidude kipya cha USB cha neti hakifiki hata bei ya kilo mbili za kingfish. Hizi kadi zako zitupwe.* – Fundi mwenzio, Muheza

Barua hii nimeicheka kwa sababu nusu yake ni kweli. Mtu mwenye kompyuta ya miaka hii, ambayo ndani ina sloti fupi za PCI Express peke yake, hata simpi kadi ya PCI, ile ya sloti za zamani, haitaingia, akanunue hicho kidude. Mwenye Windows XP namwambia wazi kwamba Microsoft iliacha kuitunza Aprili 2014, na kadi nzuri haitamlinda na kitu. Na mwenye kadi ya Wi-Fi ya mwaka arobaini na saba nimemwambia hapo juu.

Lakini wewe uko Muheza na machungwa yako, mimi niko hapa na watoto wanaokuja kwa baiskeli na shilingi 3,000 ndani ya leso. Kompyuta ya mtoto kama huyo ina Pentium 4, milango ya USB miwili, mmoja umekufa na mwingine una flashi ya masomo. Sloti nyeupe za PCI anazo tatu tupu. Nimpe kadi ya kaa, nimwonyeshe chaki, aende. Wiki iliyopita mmoja alinirudia si kwa shida, alikuja kuuliza 93C46 inaandikwaje upya. Hilo, kidude chako cha USB kisingemfundisha.

Nawe Mama wa Chumbageni, nimeona mwisho wa barua yako umeandika una kadi ya tatu usiyojua anwani yake. Ilete. Ijumaa nafunga saa sita kasoro kwa swala, njoo kabla, na uje na ile iliyo kwenye kompyuta ya pili ili nizilinganishe zote pamoja.